Kiungo bandia kikichakaa mwilini, nani atamtafuta mgonjwa?

MWAKA 2021 kampuni ya Exactech ya jimbo la Florida, Marekani, ilianza kutuma kwa madaktari wa mifupa onyo ambalo hakuna mtengenezaji apendaye kulitoa. Vipande vya plastiki ngumu vilivyomo ndani ya magoti, nyonga na vifundo vya miguu vya bandia ambavyo kampuni hiyo ilikuwa imeviuza kwa miaka mingi vilikuwa katika hatari ya kuchakaa mapema. Februari 2022 onyo hilo lilipanuliwa hadi kugusa bidhaa zilizoundwa tangu mwaka 2004.

Kosa halikuwa katika chuma wala katika kisu cha daktari. Lilikuwa katika mfuko. Mifuko iliyofungiwa vipande hivyo ilikosa utando mmoja mwembamba ambao kazi yake ni kuizuia oksijeni isipenye. Hewa ikawa inaingia kidogo kidogo vipande vikiwa bado vimekaa rafuni, navyo vikaanza kuharibika kabla ya mgonjwa kufikishwa kwenye chumba cha upasuaji.

Nchini Marekani peke yake, vipande zaidi ya 140,000 vya magoti na vifundo vya miguu vilivyohusika vilikuwa tayari vimo miilini mwa watu. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo, FDA, haikupendekeza wagonjwa wasio na maumivu wafunguliwe upya. Ilitaka wafuatiliwe kwa makini. Oktoba 2024, ikiandamwa na mamia kwa mamia ya kesi, Exactech iliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi.

Msomaji wa Nairobi, Kisumu au Mombasa huenda akajiuliza kisa hiki kinamhusu vipi. Kinamhusu kwa sababu plastiki haijui mipaka ya nchi. Goti, nyonga, waya wa moyo, mrija wa kuondoa maji kichwani, wavu wa kufungia henia, uzi wa kushonea jeraha: vyote hivi ni vitu vinavyowekwa katika miili ya Wakenya, na vingi vina sehemu ya polima ndani yake. Kila kimoja kinaishi mahali pa joto, penye maji, chumvi, oksijeni na askari wa mwili wasiochoka. Swali si iwapo plastiki hubadilika ikiwa humo. Hubadilika. Swali ni kama kuna mtu anayehesabu, na kama mtu huyo anaweza kumpata mgonjwa siku hesabu itakapoharibika.

Ili kulielewa jambo lenyewe, yafaa kuanza na umbo la polima. Ni mnyororo mrefu wa molekuli ndogo zilizoshikamana pete kwa pete. Poliethilini inayotumika katika viungo bandia ni ndugu wa plastiki ya mifuko ya dukani, ila minyororo yake ni mirefu mno. Urefu huo ndio unaoipa uimara, kwani minyororo hujisokota na kufungamana kama nyuzi za kamba nene. Mnyororo ukikatwa mara moja au mbili, kamba bado inashika. Ukikatwa mara elfu, kamba inakuwa vumbi.

Oksijeni ni mmojawapo wa wakataji. Lakini kwa kawaida haipati pa kuanzia mpaka mlango ufunguliwe, na kwa miongo kadhaa mlango huo ulifunguliwa na viwanda vyenyewe bila kukusudia. Kipandikizi chochote ni sharti kiuliwe viini kabla ya kuingizwa mwilini. Njia iliyopendwa na wengi ilikuwa miale ya gama, ambayo huua vijidudu vyote ndani ya kisanduku kilichokwisha kufungwa. Miale hiyo, hata hivyo, haichagui. Inapopita hukata pia minyororo ya poliethilini na kuacha ncha zilizo wazi, zenye uchu wa kushikana na chochote kilicho karibu. Ikiwa kilicho karibu ni oksijeni, ncha hizo huishika, na hapo huanza mfululizo wa mikato usiokoma upesi. Plastiki iliyokuwa ngumu na nyumbufu hugeuka kuwa kavu na dhaifu, kama ndoo iliyoachwa juani miaka mingi.

Jambo la kutisha ni kwamba uharibifu huu hauonekani kwa macho. Mara nyingi hukita chini ya ngozi ya plastiki, milimita moja au mbili kutoka juu, huku uso ukiwa unang'aa kama siku ya kwanza. Mgonjwa huondoka hospitalini akitembea vizuri. Hutembea mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano. Kisha plastiki huanza kupasuka na kubanduka tabaka kwa tabaka.

Na si kupasuka kwenyewe kunakoleta madhara makubwa zaidi. Mtu wa kawaida hupiga hatua zipatazo milioni moja kwa mwaka kwa kila mguu, na kila hatua hung'oa chembe ndogo zisizoonekana. Seli walinzi wa mwili huzimeza chembe hizo zikidhani ni vijidudu. Kwa kuwa plastiki haisagiki tumboni mwa seli, walinzi hao hutoa kemikali za kuita msaada, na kemikali hizo huziamsha seli zinazokula mfupa. Mfupa unaoshikilia kiungo huliwa polepole, kiungo hulegea, na mgonjwa hurudi kwa daktari akilalamikia maumivu. Upasuaji wa pili huwa mrefu, mgumu na ghali kuliko wa kwanza, kwa sababu mfupa wa kushikilia kiungo kipya umekwisha pungua.

Historia ya jambo hili yaonyesha kwamba hata mabingwa walijifunza kwa maumivu ya wagonjwa. John Charnley, daktari wa Kiingereza wa hospitali ya Wrightington anayetambuliwa kuwa baba wa nyonga bandia ya kisasa, alianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa kutumia Teflon, ile ile inayopakwa kwenye vikaango. Ilionekana chaguo bora, kwani huteleza sana na haishikani na kemikali yoyote. Wagonjwa wapatao 300 waliwekewa vikombe vya aina hiyo. Ndani ya miaka michache Teflon ilisagika, chembe zake zikachochea uvimbe mkali, na Charnley akalazimika kuwafungua tena wagonjwa wake mmoja baada ya mwingine.

Wokovu ulitoka mahali pasipotarajiwa. Mchuuzi mmoja alifika Wrightington na kipande cha plastiki iliyokuwa ikitumika katika mitambo ya kufumia nguo huko Lancashire. Charnley alikidharau. Fundi wake, Harry Craven, alikiweka kwenye mashine ya majaribio wakati mkubwa wake akiwa safarini Copenhagen, na baada ya siku kadhaa plastiki hiyo ilikuwa haijasagika kama Teflon. Hiyo ndiyo poliethilini iliyoanza kutumika mwezi Novemba 1962, na ambayo, ikiwa imeboreshwa, inatumika hata leo. Charnley alipandikiza vipande vya Teflon na vya poliethilini katika paja lake mwenyewe ili ajue mwili ungevipokeaje, akakuta Teflon imevimbisha nyama huku poliethilini ikitulia.

Kisa cha Charnley kina funzo ambalo halijazeeka. Teflon haikushindwa kwenye karatasi ya kemia. Ilishindwa kwenye mwili unaotembea. Na aliyegundua kushindwa huko aligundua kwa sababu moja tu: aliwajua wagonjwa wake na aliweza kuwaita.

Kufikia katikati ya miaka ya 1990, watafiti walikuwa wamekusanya ushahidi wa kutosha kuhusu miale ya gama na hewa. Vipande vilivyotolewa kwa wagonjwa, na vingine vilivyokaa rafuni miaka mingi bila kutumiwa, vilionyesha dalili zile zile. Viwanda vikabadili utaratibu. Baadhi viliacha gama na kutumia gesi. Vingine viliendelea na gama lakini vikafungia vipande katika mifuko iliyotolewa hewa au kujazwa gesi isiyodhuru, yenye utando wa kuzuia oksijeni. Mwishoni mwa muongo huo ikaja poliethilini ambayo minyororo yake imefungamanishwa zaidi na kisha kupashwa moto ili ncha zilizo wazi zijifunge. Mwaka 2007 ikaanza kutumika ile iliyochanganywa na vitamini E, ambayo huzitangulia ncha hizo kabla oksijeni haijazifikia.

Kwa hiyo, mifuko ya tangu mwaka 2004 isiyokuwa na utando kamili haiwezi kuelezwa kwa kusema kwamba sayansi ilikuwa bado gizani. Taa ilikuwa imewashwa karibu miaka kumi kabla. Kilichokosekana ni jicho la kuikagua mifuko hiyo mwaka baada ya mwaka, na mfumo wa kupiga kengele mapema pale viungo vya aina moja vilipoanza kurejeshwa kwa kasi kuliko vya wengine.

Wala poliethilini si peke yake. Miaka ya 1970 nyaya za vifaa vya kudhibiti mapigo ya moyo zilianza kuvikwa poliyurithani, plastiki nyembamba, laini na imara iliyorahisisha kuzipitisha ndani ya mshipa. Kufikia mapema miaka ya 1980 baadhi zilikuwa zikipasuka. Uchunguzi ulibaini kwamba aina iliyotumika ilishambuliwa kutoka pande mbili. Kwa nje, seli walinzi ziliung'ang'ania waya na kuumwagia kemikali kali zenye oksijeni, hasa pale plastiki ilipokuwa imevutwa. Kwa ndani, chembe za kobalti kutoka kwenye metali ya waya wenyewe zilichochea uharibifu ule ule. Kifuniko kikipasuka, umeme huvuja, na moyo unaotegemea mshtuko huo unaweza kukosa ishara yake.

Mwanamke mmoja wa Florida aliyewekewa kifaa cha kampuni ya Medtronic mwaka 1987 alihitaji upasuaji wa dharura Desemba 1990 baada ya kifaa hicho kushindwa. Daktari wake aliona kwamba huenda kasoro ilikuwa katika waya. Kesi yake ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, iliyotoa uamuzi mwaka 1996. Majaji walieleza jambo ambalo umma haukulifahamu vyema. Waya huo uliruhusiwa kuingia sokoni mwaka 1982 kwa hoja kwamba ulilingana na vingine vilivyokuwa vikiuzwa. Ukaguzi kamili wa kifaa kipya ulichukua takriban saa 1,200 za kazi. Huu wa kulinganisha ulichukua wastani wa saa 20. Majaji waliona kwamba njia hiyo fupi ilipima ulinganifu, haikupima usalama, na kampuni haikuweza kuitumia kama ngao dhidi ya mgonjwa aliyeumia.

Uamuzi huo ni muhimu kwa nchi zinazoagiza vifaa kutoka nje. Mara nyingi muhuri wa kibali cha Marekani au cha Ulaya huchukuliwa kuwa ni neno la mwisho. Lakini mihuri hutofautiana uzito. Kuna ule uliopatikana baada ya majaribio ya miaka kwa wagonjwa, na kuna ule uliopatikana kwa kusema kwamba kitu hiki kinafanana na kile. Mnunuzi asiyejua tofauti hiyo ananunua karatasi.

Si haki, hata hivyo, kuuchora uharibifu wa polima kama uovu mtupu. Zipo polima ambazo thamani yake ni kwamba huharibika. Tangu mapema miaka ya 1970 madaktari wametumia nyuzi zinazoyeyuka zenyewe. Nyuzi hizo zimeundwa kwa minyororo inayokatwa na maji. Mabaki yake ni asidi ambazo mwili unazifahamu na kuzitumia, hadi mwishowe hutoka kama maji na hewa ya kaboni. Mama aliyejifungua kwa upasuaji katika hospitali ya kaunti hahitaji kurudi kung'olewa nyuzi za ndani. Hiyo ni kemia ile ile, ila imefungwa lijamu.

Kazi ngumu ni kuuongoza muda. Stenti ya Absorb ya kampuni ya Abbott iliundwa kwa polima ya asidi laktiki ili iushikilie mshipa wa moyo, kisha itoweke katika muda wa miaka mitatu hivi. Ilipata kibali nchini Marekani Julai 2016 kwa shangwe kubwa. Machi 2017 FDA iliwaonya madaktari kwamba katika utafiti mkuu, baada ya miaka miwili, asilimia 11 ya waliowekewa stenti hiyo walikuwa wamepatwa na matatizo makubwa ya moyo, ikilinganishwa na asilimia 7.9 ya waliowekewa stenti ya chuma. Septemba mwaka huo mauzo yalisitishwa. Hapa mfumo ulifanya kazi, kwa sababu wagonjwa walikuwa ndani ya utafiti, majina yao yanajulikana na matokeo yao yanahesabiwa.

Visa hivi vyote vinakutana mahali pamoja. Majaribio ya maabara hudumu wiki au miezi. Mwili hudumu miongo. Hakuna kiwanda kiwezacho kungoja miaka ishirini kabla ya kuuza, na hakuna mgonjwa mwenye maumivu awezaye kungoja pia. Kwa sababu hiyo kila kipandikizi, hata kilichopimwa kwa uangalifu, ni jaribio linaloendelea ndani ya mtu. Tofauti kati ya jaribio la haki na dhuluma ni daftari.

Waswahili walilisema jambo hili kabla ya polima kuvumbuliwa: mali bila daftari hupotea bila habari. Uswidi ilianzisha daftari la kitaifa la magoti bandia mwaka 1975 na la nyonga mwaka 1979. Kila upasuaji huandikwa, na kila kiungo kinaporudiwa huandikwa tena, hivi kwamba aina mbovu hujitenga yenyewe katika hesabu. Daftari la Australia, lililoanza mwaka 1999, lilikuwa miongoni mwa yaliyotangulia kubaini kwamba nyonga ya ASR ya kampuni ya DePuy ilikuwa ikirudiwa kupita kiasi. Nyonga hiyo ya chuma kwa chuma ilikuwa sehemu ya juhudi za kukimbia matatizo ya plastiki. Ilipoondolewa sokoni duniani kote Agosti 2010, watu wapatao 93,000 walikuwa nayo mwilini.

Haya si mambo ya nchi tajiri pekee. Malawi, yenye uchumi mdogo kuliko wa Kenya, ilianzisha daftari lake la kitaifa la viungo bandia mwaka 2005. Ilitosha madaktari wachache waliokubaliana kuandika.

Kenya ina mazingira yanayofanya hitaji hilo liwe kubwa zaidi. Tangu katiba ya 2010, huduma nyingi za afya zimo mikononi mwa kaunti 47, huku hospitali kuu za rufaa zikibaki chini ya serikali ya kitaifa. Hospitali za kibinafsi na za makanisa zina njia zao za ununuzi. Wagonjwa wengine husafiri hadi India kutibiwa na kurudi nyumbani na kiungo ambacho hakuna ofisi yoyote ya Kenya inayokijua. Mtu aliyepasuliwa Nairobi anaweza kuhamia Kitale, kubadilisha nambari ya simu na kumsahau daktari wake. Faili lake likibaki katika chumba cha kuhifadhia karatasi, onyo kutoka Florida halitamfikia kamwe.

Kuna pia suala la joto. Uharibifu wa kemikali huenda kwa kasi pale panapopata joto. Wahandisi wa vifaa tiba hukadiria kwamba kila nyuzi 10 za selsiasi zinazoongezeka huweza kuifanya kasi hiyo iwe maradufu. Bohari la Lodwar au la Mombasa lisilo na kipoza hewa si sawa na bohari la Uswidi. Tarehe ya mwisho iliyochapishwa kwenye kisanduku ina maana ikiwa tu kisanduku kimehifadhiwa kama mtengenezaji alivyoagiza. Afisa wa ununuzi anayepokea shehena iliyokaribia tarehe hiyo kwa sababu imeuzwa kwa bei nafuu, au imetolewa kama msaada, hana budi kuuliza imekaa wapi na kwa joto gani.

Hilo halimaanishi kwamba kitu cha bei ya chini ni kibovu. Hospitali ya watoto ya CURE iliyoko Mbale, Uganda, ilitoa jibu zuri juu ya hoja hiyo. Dkt Benjamin Warf alilinganisha mirija miwili ya kuondoa maji vichwani mwa watoto: mmoja uliotengenezwa India na kugharimu takriban dola 35, mwingine wa Kimarekani uliogharimu takriban dola 650. Matokeo ya utafiti huo, uliochapishwa mwaka 2005 na kuwahusisha watoto 195, hayakuonyesha tofauti ya maana katika mwaka wa kwanza. Funzo la Mbale ni kwamba ubora haujulikani kwa bei wala kwa nchi ya asili. Hujulikana kwa kufuatilia. Watoto wale walifuatiliwa, ndiyo maana jibu likapatikana.

Wakosoaji watasema kwamba Kenya ina uhaba wa madaktari, na kuwatwika kazi ya ukarani ni kuwaonea. Hoja hii ina uzito, lakini si mkubwa kama unavyodhaniwa. Visanduku vya viungo bandia kwa kawaida huja na lebo za kubandika zenye jina la kifaa, nambari ya kundi lake na tarehe ya mwisho. Kubandika lebo moja kwenye faili na nyingine kwenye kadi ya mgonjwa ni kazi ya nusu dakika. Katika Jumuiya ya Ulaya, sheria iliyoanza kutumika Mei 2021 inawalazimu watengenezaji wa vipandikizi vingi kutoa kadi ya namna hiyo na hospitali kumkabidhi mgonjwa. Hakuna sababu ya mgonjwa wa Eldoret kudai pungufu ya kile apewacho mgonjwa wa Berlin.

Wengine watahofia siri za wagonjwa. Hofu hiyo ni halali, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ilitungwa kwa ajili ya mambo kama haya. Daftari la vipandikizi halihitaji kumfichua mtu hadharani. Linahitaji kumpata anapotafutwa.

Sheria, kwa kweli, zipo za kutosha kuanzia. Bodi ya Dawa na Sumu husajili vifaa tiba. Sheria ya Afya ya 2017 iliagiza kuundwa kwa chombo kimoja cha kudhibiti bidhaa na teknolojia za afya. Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 iliweka msingi wa kumbukumbu za wagonjwa zinazosomeka kutoka hospitali moja hadi nyingine. Na tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya bima ya NHIF katika kulipia matibabu.

Hapo ndipo pana lango ambalo halihitaji bunge wala jengo jipya. Mlipaji ndiye mwenye fimbo. SHA na kampuni za bima zikikataa kulipia goti, nyonga au kifaa cha moyo mpaka dai liandikwe jina la kifaa na nambari ya kundi lake, daftari litajiandika lenyewe kupitia mlango wa malipo. Hospitali ambayo husahau kujaza fomu haisahau kudai pesa zake. Siku onyo litakapotoka ng'ambo, Bodi itauliza swali moja tu kwenye tarakilishi: nambari hii imo mwilini mwa nani, na yuko kaunti gani?

Bila hilo, mzigo unamwangukia mgonjwa. Na kisa cha Exactech kinaonyesha jinsi mzigo huo ulivyo mzito. Plastiki huchukua miaka kumi au kumi na mitano kudhihirisha kasoro yake. Katika muda huo kampuni huuzwa, huungana na nyingine au hufilisika. Mgonjwa wa Marekani ana mahakama na mawakili, na hata yeye huishia kwenye foleni ya wadai wa kampuni iliyofilisika. Mgonjwa wa Kenya asiyejua hata jina la kilichomo gotini mwake hana pa kuanzia foleni yenyewe. Hawezi kuthibitisha kwamba ni kifaa kile. Daktari anayemfungua mara ya pili naye huingia chumba cha upasuaji bila kujua ni vipuri vya aina gani vitakavyolingana.

Pasiwe na hofu isiyo na msingi. Walio wengi miongoni mwa watu wenye viungo bandia hutembea miaka mingi bila taabu, na poliethilini ya sasa ni imara kuliko ile iliyomshangaza Charnley. Akina mama wanaotumia vijiti vya kupanga uzazi hawana haja ya kuving'oa kwa sababu ya habari hizi; vijiti hivyo vimeundwa kukaa miaka michache kisha kutolewa, na muhimu kwao ni kukumbuka tarehe. Asiye na maumivu hana sababu ya kukimbilia kisu.

Lakini anayejiandaa kupasuliwa, pamoja na jamaa zake, ana haki ya kuuliza mambo manne kabla ya kutia sahihi. Kifaa hiki kinaitwaje na kimeundwa na nani? Nambari yake ya kundi na tarehe yake ya mwisho ni ipi? Kimepata kibali cha nani? Na nitapewa kadi gani nikienda nyumbani? Aliyekwisha pasuliwa anaweza kurudi hospitalini kuomba nakala ya maelezo hayo kabla faili halijapotea, na anapaswa kwenda kwa daktari akisikia maumivu mapya, uvimbe au kiungo kulegea, hata kama miaka kumi imepita kwa amani.

Usipoziba ufa, walisema wahenga, utajenga ukuta. Katika mambo haya ufa ni mdogo kiasi cha kutoonekana: utando mmoja uliokosekana kwenye mfuko, lebo moja ambayo haikubandikwa. Kemia ya oksijeni na plastiki haitangoja kamati iundwe. Inaendelea usiku huu ndani ya watu ambao majina yao yangeweza kuandikwa leo.